Kinga Iliyomo Ndani ya Punje

Mavuno hayawi chakula siku yanapoingia ghalani. Huwa chakula siku mama anapofungua ghala, miezi mitano au sita baadaye, wakati mvua zimeshaanza, shamba liko kijani na sokoni bei imepanda. Siku hiyo ndipo nyumba hujua ilichovuna. Kama punje zinamwagika kwenye ungo kwa mlio mzito, kuna amani. Kama kinachomwagika ni vumbi jeupe na maganda matupu yenye matundu, basi jembe lilikuwa likilimia wadudu.

Juu ya vita hivi yameandikwa mengi, na sehemu kubwa yake ni habari za dawa: dawa ya kunyunyizia, dawa ya kuchanganya na nafaka, kiasi gani kwa gunia. Dawa ina mahali pake, lakini huja baada ya adui kuingia, nayo hununuliwa kila mwaka. Ipo kinga nyingine ambayo haizungumzwi sana nyumbani, nayo ni ile iliyomo ndani ya mmea na punje yenyewe. Kinga hiyo hupandwa pamoja na mbegu. Wataalamu wameitafuta kwa miaka mingi. Na akina mama, bila kuiita kwa jina lolote, waliitunza muda mrefu kabla yao.

Maadui wa mahindi

Adui wa kwanza hungoja shambani. Bungua ni kiwavi wa nondo. Huanguliwa juu ya majani, hula majani machanga ya katikati, kisha huingia ndani ya bua na kulitoboa. Wako wa aina mbili wanaojulikana zaidi katika nchi zetu: mmoja ni mwenyeji wa Afrika, na wa pili alitoka Asia. Mwaka 2016 aliongezeka mgeni mwingine kutoka bara la Amerika, kiwavijeshi vamizi, ambaye alionekana kwanza Afrika Magharibi na Kati, na kufikia mwaka 2018 alikuwa amekwisha kuenea karibu katika nchi zote za Afrika kusini ya Sahara.

Adui wa pili hungoja ghalani. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani ya tundu hilo, kisha huliziba kwa ute, hata jicho lisione kitu. Buu hukulia humo ndani akila kiini, na baada ya wiki tano hivi, kama kuna joto, hutoka fukusi mzima. Mara nyingi uharibifu huo huanzia shambani, kabla mahindi hayajavunwa, kwani fukusi huruka na kuyafuata masuke yaliyo wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mkoa wa Tabora, Tanzania, alitambuliwa mdudu mkali zaidi, dumuzi, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Wakulima walimpa jina la Scania, kama yale malori makubwa. Fukusi huacha punje zenye matundu. Dumuzi huacha unga.

Mmea hujilindaje?

Mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Reginald Painter, alieleza kwamba mmea hujilinda kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutompendeza mdudu, hata asitake kutaga wala kula. Ya pili ni kumdhuru anayekula, akadumaa au akafa. Ya tatu ni kustahimili, yaani kuliwa na bado ukazaa. Njia zote tatu zimo katika mahindi, ila hazimo zote katika mbegu moja.

Hindi changa, kwa mfano, lina kemikali chungu katika majani yake, nayo huwa nyingi zaidi siku za mwanzo na kupungua kadiri mmea unavyokua. Kiwavi anayekula majani hayo hakui vizuri. Ziko aina za mahindi zenye nyingi, na ziko zenye kidogo. Huko Mexico, katika jimbo la Oaxaca, kuna mahindi ya kienyeji yaitwayo Zapalote Chico. Suke lake limefungwa na maganda marefu yanayobana, na ndevu zake zina kitu kinachomdumaza kiwavi anayejaribu kupita humo kuzifikia punje. Wakulima wa huko hawakuwa na maabara. Walichagua mbegu kizazi baada ya kizazi, na mahindi yaliyosalia ndiyo yaliyojua kujitetea.

La kustaajabisha zaidi lilichapishwa mwaka 2011 na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi. Waligundua kwamba baadhi ya mahindi ya kienyeji ya Amerika ya Kusini na Kati, nondo wa bungua anapotaga mayai juu ya majani yake, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo. Nyigu hao hutaga mayai yao ndani ya mayai au viwavi vya bungua na kuvimaliza. Mmea unaita msaada kabla haujaliwa! Lakini mbegu chotara za kibiashara zilizopimwa pamoja nayo hazikuita. Katika kutafuta mazao mengi, sauti ile ilipotea njiani, na hakuna aliyejua kwamba imepotea kwa sababu hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Ubishi wa mbegu nyumbani

Jambo hili la kupata kimoja na kupoteza kingine halikuanzia maabara. Limepita katika nyumba nyingi. Chukua nyumba moja ya wilaya ya Ileje, karibu na Mto Songwe, katika miaka ya 1980. Mama mkwe ni mtu wa makamo, na mbegu yake huning'inia juu ya meko, masuke yamefungwa mawilimawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Huichagua mwenyewe. Suke ambalo maganda yake hayakufunika ncha halipandi darini, hata liwe kubwa namna gani. Punje ambayo ukucha unaingia huenda kwenye sufuria, haiwi mbegu.

Mkaza mwana ni kijana, amesoma, na msimu huo mumewe ameleta mfuko wa mbegu chotara. Wakagawana shamba. Wakati wa kuvuna, upande wa chotara ulitoa magunia ambayo ua ule haukuwahi kuyaona. Ada za watoto zikalipwa, bati likaongezwa juu ya nyumba. Mama mkwe hakusema neno, kwa kuwa magunia yalikuwa mbele ya macho yake.

Ilipofika Januari mkaza mwana akafungua gunia, akaingiza mkono, na mkono ukatoka mweupe kwa vumbi. Akaenda kwa mama mkwe na ungo.

"Mama, haya ni ya mwezi gani tena? Yameisha kabla hatujayala."

"Hayakuisha, mwanangu. Yameliwa. Lete uone haya ya darini."

Ya darini yalikuwa na fukusi pia, maana hakuna hindi lisiloliwa kabisa, lakini yalikuwa mazima kwa sehemu kubwa. Mkaza mwana akauliza swali ambalo halikuwa na jibu pale uani: "Sasa Mama, haya ya darini yangelipa ada?"

Nani kati yao alikuwa na haki? Wote wawili. Mmoja alihesabu magunia siku ya kuvuna, mwingine alihesabu siku za kula. Nyumba inahitaji hesabu zote mbili. Kosa halikuwa la mbegu chotara kwa kuwa ni chotara, wala sifa haikuwa ya mbegu ya kienyeji kwa kuwa ni ya mababu. Mbegu hutoa kile ilichochaguliwa itoe. Kama aliyechagua alitazama uzito peke yake, utapata uzito. Kama hakutazama maganda wala ugumu wa punje, mdudu atavitazama kwa niaba yake.

Fundisho la Malawi

Ng'ambo ya mto huo huo wa Songwe, nchini Malawi, ubishi kama huo ulipata jibu, na jibu hilo linafaa kujulikana katika kila jiko.

Kwa miaka mingi wataalamu walishangaa kwa nini wakulima wadogo wa Malawi walisita kupanda mbegu chotara. Mbegu zilikuwapo. Chotara mashuhuri iitwayo SR52, iliyotolewa mwaka 1960 katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, ilikuwa na mazao mengi ajabu. Hata hivyo wakulima wengi waliendelea na mahindi yao ya asili. Wapo waliosema ni ukaidi, wapo waliosema ni ujinga.

Sababu ilikuwa ndani ya kinu. Chotara za namna hiyo zilikuwa na punje laini, zenye kibonyeo kichwani kama jino la farasi. Mahindi ya asili ya Malawi yalikuwa na punje ngumu za mviringo zinazong'aa kama kioo. Mama wa Malawi hutengeneza unga mweupe kwa kutwanga mahindi ili kuondoa pumba, kisha huloweka chenga, huzianika na kuzitwanga tena. Punje ngumu inapotwangwa, pumba hutoka na kiini hubaki chenga nzima. Punje laini huvunjika ovyo, na sehemu nzuri ya kiini hutoka pamoja na pumba. Kwa hiyo gunia moja la mahindi laini halikuwa sawa na gunia moja la mahindi magumu. Mizani ya shambani ilisema hivi, na ungo wa jikoni ukasema vingine. Juu ya hayo, ghalani, punje laini ililiwa na fukusi upesi kuliko punje ngumu.

Wataalamu wa Malawi hatimaye waliyachukua maneno ya jikoni kuwa maarifa. Walikutanisha chotara zenye mazao mengi na mahindi ya punje ngumu yaliyotoka katika Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano, kijulikanacho kwa jina la CIMMYT, chenye makao yake Mexico. Mwaka 1990 zikatolewa mbegu mbili, MH17 na MH18, zenye punje ya ugumu wa kadiri na mazao ya kichotara. Watu wale wale walioitwa wakaidi wakazipanda. Hawakuwa wamekataa maendeleo. Walikataa mbegu iliyochaguliwa na watu wasiotwanga.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kinu kilikuwa kipimo cha kinga dhidi ya wadudu, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Ukuta wa punje unaomsumbua mtwangaji kupasua kiini ndio unaomsumbua fukusi kutoboa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba ngozi ya punje zenye kinga huwa na kemikali zinazounganisha kuta za chembechembe zake na kuzifanya ngumu. Mama aliyechagua mahindi yanayotoa chenga nzuri alikuwa akichagua, bila kukusudia, mahindi yanayodumu. Siku hizi mashine za kusaga zimefika vijijini, na hakuna anayetamani kuwarudisha wanawake kwenye mchi. Lakini mashine husaga punje laini na ngumu bila kulalamika. Mlinzi mmoja ameondoka langoni, na ni lazima pawekwe mwingine.

Kazi ya Kiboko

Mlinzi mwingine anatafutwa kwa kazi ya kuchosha sana. Katika kituo cha utafiti cha Kiboko, kaunti ya Makueni, Kenya, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Kenya na CIMMYT hufuga wadudu ambao kila mkulima huwaua. Viwavi wachanga huchukuliwa kwa brashi laini na kuwekwa juu ya mimea ndani ya nyumba za wavu, ili kila mmea upate sehemu yake sawa ya adui. Baadaye majani hutazamwa mmea kwa mmea na kupewa alama kuanzia 1 hadi 9, kulingana na yalivyoliwa. Kwa upande wa ghala, punje zilizopimwa huwekwa ndani ya chupa pamoja na fukusi au dumuzi waliohesabiwa, na baada ya wiki kadhaa huhesabiwa waliozaliwa na hupimwa vumbi lililopatikana.

Mimea iliyoliwa kidogo huchavushwa na mimea yenye mazao mengi, watoto wao hupimwa tena, na wengi hutupwa. Baadhi ya kinga dhidi ya dumuzi ilitafutwa katika mahindi ya visiwa vya Karibi, yaliyohifadhiwa katika hazina ya mbegu. Kinga ya aina hii mara nyingi haitokani na kirithi kimoja. Hutokana na virithi vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, na kwa sababu hiyo kazi huchukua miaka. Mwezi Desemba 2020 CIMMYT ilitangaza chotara tatu zinazostahimili kiwavijeshi vamizi, zilizofanyiwa kazi katika Afrika Mashariki. Neno la kushika hapo ni "zinazostahimili". Zinaliwa, lakini zinaliwa kidogo zaidi na bado zinazaa. Anayemwuzia mkulima mbegu kwa kumwambia haitaguswa na mdudu anamwuzia uongo.

Iko njia nyingine, ya kutia katika mahindi kirithi kutoka kwa bakteria kiitwacho Bt, ili mmea utengeneze sumu inayoua bungua. Afrika ya Kusini ilianza kupanda mahindi hayo mwaka 1998, na mwanzoni yalimshinda bungua vizuri. Lakini mwaka 2007 ilichapishwa taarifa kwamba baadhi ya bungua wa huko walikuwa wamekwisha kuizoea sumu hiyo. Haisemwi hapa kwamba njia hiyo ni mbaya. Linalosemwa ni kwamba mlango wenye kufuli moja humpa mwizi kazi moja ya kujifunza, na mdudu huzaa vizazi vingi upesi kuliko mtaalamu anavyotoa mbegu mpya.

La kufanya nyumbani

Nyumba inayopanda mbegu chotara isitunze mbegu kutoka mavuno yake. Watoto wa chotara hawafanani. Baadhi hurithi mazao bila kinga, baadhi kinga bila mazao, na wengi hukosa vyote viwili. Hapo kazi ya nyumba ni kuuliza kabla ya kununua. Muulize muuza mbegu: je, maganda yanafunika ncha ya suke? Je, punje ni ngumu au laini? Je, hukaa ghalani namna gani? Kama swali hilo litaulizwa na wanawake elfu moja katika msimu mmoja, litafika kwa wazalishaji wa mbegu.

Nyumba inayotunza mbegu ya kienyeji, au mbegu iliyoboreshwa isiyo chotara, ina uwezo mkubwa zaidi, kwani yenyewe ni mzalishaji. Ichague mbegu shambani mmea ukiwa umesimama, si katika rundo la masuke baada ya kuvuna, kwa kuwa rundo halionyeshi ni mmea gani ulitobolewa bua. Ichague katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani. Ichukue kutoka mimea mingi, si michache, ili mbegu isidhoofike. Ipendelee suke lililofungwa vizuri na kuinama likikauka, ili mvua isiingie. Kisha ijaribu punje kwa ukucha, kama mama yule wa Ileje.

Kinga ya mbegu haiondoi wajibu wa mikono. Mahindi hayana budi kukauka vizuri kabla ya kuhifadhiwa, ghala lisafishwe na masalia ya mwaka jana yatolewe, na mwenye uwezo atumie mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Shambani, desmodiamu ikipandwa kati ya mistari humfukuza bungua, na majani ya tembo kandokando humvuta atoke. Mbegu yenye kinga hufanya kila moja ya kazi hizi kuwa nyepesi, lakini haifanyi hata moja kwa niaba ya mwenye shamba.

Mahindi yalitoka Mexico kwa watu walioyachagua kwa macho na vidole kwa maelfu ya miaka, na yalipofika Afrika yaliendelea kuchaguliwa hivyo hivyo, chini ya dari zenye moshi. Leo uchaguzi umehamia kwa kiasi kikubwa katika vituo vya utafiti na makampuni ya mbegu, nao umeleta shibe ambayo uchaguzi wa zamani haukuweza kuileta. Lakini anayechagua bila kuulizwa habari za ghala hataziona, na asiyeulizwa asipojisemea ataendelea kupepeta vumbi. Mtaalamu anajua kumhesabu fukusi ndani ya chupa. Mama anajua amebakiza madebe mangapi, na watoto wangapi, na miezi mingapi hadi mahindi mapya. Mbegu njema ni ile iliyojibu hesabu hizo zote.